Angelijuaje jina la duka

Jumamosi tumemwoza dada, alhamdulillahi, na bosi ametangaza kuwa steshenari inahamia Chuno mwisho wa mwezi. Lakini nikilala sisikii vigelegele, wala siwazi mashine ya fotokopi itabebwaje. Ninachosikia ni sauti ya Mama Mdogo, niliyemjengea tovuti ya kuuzia korosho zake.

Ilikuwa Alhamisi jioni, uani kwake Mikindani. Walikuwa wakiandaa korosho za arusi, yeye na wale mama wawili wanaombangulia. Mama Mdogo alikuwa na kile kisu chake kilicholika mpini, anakwangua ngozi ya ndani, ile nyembamba ya kahawia, anaigeuza punje kwa dole gumba, nzima anaitupia ungo wa kulia, iliyokatika ungo wa kushoto. Mikono yake haihitaji macho. Kwa hiyo alisema nami huku ananitazama usoni.

"Baba, yule mteja wa Dodoma kasema ameitafuta ile tovuti, hakuiona."

"Aliandika nini?"

"Korosho za Mtwara."

"Angeandika jina la duka ingetokea."

"Jina la duka angelijuaje, naye hajawahi kununua?"

Nikakosa la kusema. Akachukua punje nyingine. "Basi usijisumbue, baba. Nitawatumia picha WhatsApp kama zamani."

Usijisumbue. Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana limekaa. Angenigombeza ningejitetea. Nilikuwa nimekesha miezi miwili nikiijenga ile tovuti kwa React, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa, mnakumbuka nilivyofurahi siku kapu la manunuzi lilipojumlisha bei kwa mara ya kwanza. Nimelijibu upya neno lile kwenye bajaji, nikioga, nikiwa nimeshika trei ya pilau ya wageni. Kila jibu ninalolitunga linagonga mwamba palepale: angelijuaje?

Jumapili usiku, nyumba imejaa masufuria ya kuazima na watu waliolala mikekani, nikafungua kompyuta. Nikaandika programu ndogo ya Python, mistari isiyofika 40, inayochukua anwani za kurasa zangu sita, inazisoma zinavyotoka kwenye seva kabla JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa kwenye kivinjari, haijafanya kazi, kisha inanionyesha kichwa cha kila ukurasa na idadi ya maneno yaliyomo. Jibu lilikuwa mistari sita inayofanana:

React App, maneno 9.
React App, maneno 9.

Hadi mwisho. "React App" ni kichwa kinachokuja na mradi ukiuanzisha tu, nami sikuwahi kukigusa. Na yale maneno 9 ni sentensi ya Kiingereza inayomwambia mtu awashe JavaScript. Hakuna korosho. Hakuna Mtwara. Nimekaa miezi miwili nikipanga rangi ya vitufe, na neno korosho halimo kwenye karatasi ya kwanza anayokabidhiwa mgeni.

Ni kweli Google inaweza kuendesha JavaScript. Inasoma kwanza HTML iliyotumwa, yaani maandishi yenyewe ya ukurasa na alama zake, halafu ukurasa unawekwa kwenye foleni ya kuchorwa kamili baadaye. Lakini hata ikishauchora, ingekuta nini kwangu? Bei na majina ya bidhaa niliyaweka ndani ya picha, yale mabango niliyoyasifia hapa, bila hata moja kuwa na maandishi mbadala, yale ya kuieleza picha kwa maneno. Halafu anwani za kurasa nilizijenga kwa alama ya #, kwa sababu kila nilipoupakia upya ukurasa wa ndani seva ilikuwa inasema haupo, na # ilinipa njia rahisi. Kumbe kinachofuata # kwa kawaida Google haikihesabu kama ukurasa mwingine. Kurasa zangu sita kwake ni mmoja, na huo mmoja unaitwa React App. Hata yule mteja angelijua jina la duka, asingelikuta.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hivi vyote ni vitu vya programu, vitu nilivyodhani navijua. SEO, yaani kuifanya tovuti ipatikane watu wanapotafuta mtandaoni, nilikuwa naiona ni kazi ya watu wa matangazo, ya kurudiarudia maneno hadi ukurasa unakera. Sikujua kuwa nusu yake imelala humuhumu kwenye msimbo wangu. Nusu nyingine sikuwa nayo kabisa, na niliifuata Mikindani Jumatatu baada ya kazi.

Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza, "Mama, wateja wapya wakikuandikia wanasemaje?" Hakuuliza kwa nini. Akafuta mkono kwenye khanga, akanipa simu. "Soma mwenyewe, mimi nina kazi."

Nikasoma ujumbe wa miezi minne. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika "bidhaa bora za zao la korosho", maneno niliyoyapamba mimi pale juu kabisa. Wanaandika: korosho kilo bei gani. Mnazo za kukaanga? Mbichi zilizobanguliwa zipo? Vipande mnauzaje, nataka za keki. Mnatuma Dodoma kwa basi? Mmoja kaandika "koroshow", na Mama Mdogo kamjibu kwa heshima zote. Nilinakili 63 kwenye daftari, nikizipanga kwa makundi, na giza likaingia bila mimi kuona. Tulikula ming'oko na chai. Habari ya tovuti haikutajwa tena.

Jumanne sikulala. Nimeacha React kwa kazi hii. Duka la bidhaa sita halihitaji mashine yote ile. Orodha ya bidhaa nimeiweka kwenye faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, na Python inaisoma na kuandika HTML kamili ya kila bidhaa, yenye anwani yake safi, kichwa chake, bei kwa maandishi, na lugha ya ukurasa imetajwa kuwa "sw" badala ya "en" iliyokuwapo. Vichwa vidogo ni maswali ya wateja kama walivyoyauliza. "Vipande vya korosho kwa keki" sasa vina ukurasa wake. Picha kubwa ya ungo ilikuwa MB 4, nimeishusha hadi KB 170. Google inataka kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, na kwenye simu ya Mama Mdogo ile ya zamani ilikuwa inachukua muda wa kumenya punje tatu. Mwisho programu yenyewe inatengeneza ramani ya tovuti, orodha ya kurasa zake zote, nami nikaipeleka Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyopatikana kwenye utafutaji. Kisha ile programu ya ukaguzi nikaiendesha tena, roho ikinidunda kama nasubiri matokeo ya mtihani:

Korosho za kukaanga Mtwara, maneno 214.
Korosho mbichi zilizobanguliwa, maneno 187.

Niliisoma kwa sauti, peke yangu, saa tisa usiku.

Leo Jumapili nimefungua Search Console. Kurasa mbili zimeingia kwenye faharasa ya Google. Mibofyo hakuna. Kuonekana mara 7. Na kuna swali moja limeandikwa hapo, kwa herufi ndogo, na mtu nisiyemjua: "korosho za kukaanga mtwara". Nafasi ya 41 kwenye matokeo. Najua ni mbali, hakuna anayeshuka hadi 41. Ila mtu huyo hakulijua jina la duka, na bado tulikuwamo. Nimelitazama neno hilo muda mrefu sana. Sijamwambia Mama Mdogo. Nitamwambia siku mteja atakapompigia na kusema ameliona duka Google, au pengine asubuhi nikishindwa kuvumilia.

Bado kurasa nne hazijasomwa, na kuna kiungo kimoja kinachoelekea kusikopo, nimekiona sasa hivi.

Nilikuwa nataka nikirekebishe kabla ya kulala, lakini nimeshika simu nikakuta Bibi amepiga mara mbili, saa kumi na saa kumi na moja jioni, wakati nimeifunika kando ya kompyuta. Alirudi Newala Jumatatu na basi la asubuhi, akilalamikia jicho la kushoto. Bibi huwa hapigi, hubipu. Nimempigia mara tano, haipatikani. Mjomba naye yuko shamba anapulizia mikorosho salfa, huko mtandao ni wa kupanda kichuguu. Sina namba ya jirani yeyote.