Chombo cha anga cha kadibodi: ninavyokitengeneza na kukishuti kwa simu

Filamu ya anga za juu iliyotengenezwa kwa hela ya mfukoni ina utamu ambao zile za mamilioni hazina: mkono wa mtu unaonekana. Unajua kabisa kitasa cha mlango wa chombo ni kifuniko cha chupa, na bado roho inakuruka nahodha anapokizungusha. Ila utamu huo hauji kwa kufanya vibaya makusudi. Kwenye Robot Monster ya 1953, adui anayetaka kufuta binadamu duniani ni mtu aliyevaa suti ya sokwe na kofia kama ya mzamiaji. Inatazamika mpaka leo kwa sababu wote waliomo wanaichukulia hatari hiyo kwa dhati. Mwigizaji akianza kujicheka mwenyewe, imekwisha. Ndiyo maana kwenye filamu fupi ninazotengeneza, mshono wa kadibodi ukionekana nauacha, lakini sauti mbovu na uigizaji wa dhihaka sivivumilii.

Kabla sijakata boksi lolote naamua kipimo, yaani modeli iwe ndogo mara ngapi kuliko kitu halisi, na naanza na mlango. Ukisema mlango wa chombo una mita 2, basi kwa kipimo cha 1:25 unatoka sentimita 8, na kwa 1:50 sentimita 4. Ngazi, madirisha na mabomba yote yafuate mlango huo. Kinachoiumbua modeli haraka si gundi iliyochuruzika, ni dirisha kubwa kuliko mlango uliopo kando yake.

Kwa mwili wa chombo natumia mirija ya kadibodi, chupa za plastiki na lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni. Povu hilo lina shida moja: rangi ya kupuliza inalila. Kimiminika kilichomo kwenye rangi kinaliyeyusha, ukigeuka unakuta mashimo. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukauke kabisa. Gundi ya moto nayo huliyeyusha ikiwa kali, iache ipoe sekunde chache kabla ya kubandika.

Juu ya mwili nabandika vidude: vitufe vya kibodi mbovu, vifuniko vya kalamu, vipande vya midoli. Usivitawanye sawasawa kila mahali. Virundike kwenye injini na kwenye maungio, uache sehemu pana zikiwa tupu, maana jicho linahitaji mahali patupu ili lijue ukubwa. Kisha rangi ya kijivu kote, halafu nachora vipande kama mabati kwa kijivu kilichokoza kidogo tu, kingo zake nikiziba kwa utepe wa karatasi. Mwisho rangi nyeusi iliyotiwa maji mengi: ipake, ifute na kitambaa papo hapo, ibaki kwenye mifereji tu. Hapo ndipo takataka zote zile zinageuka kuwa kitu kimoja.

Ukitaka madirisha yawake, toboa kwa sindano na uweke taa ndogo za betri ndani. Ndani ya ganda paka rangi nyeusi kwanza, la sivyo mwanga utapenya kadibodi na chombo kizima kitang'aa.

Sasa kamera, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kitu kidogo huonekana kinaanguka haraka mno, na jicho linatambua mara moja. Dawa ni kurekodi kwa kasi, yaani fremu (picha moja moja) nyingi kwa sekunde, kisha kuonyesha polepole. Chukua kipeuo cha pili cha namba ya kipimo, zidisha kwa 24, ambazo ndizo fremu za kawaida za filamu kwa sekunde. Modeli ya 1:25 inataka fremu 24 mara 5, yaani 120 kwa sekunde. Ya 1:100 inataka 240. Simu nyingi zinafika huko. Hesabu hii ni ya vitu vinavyovutwa chini: vumbi, maji, mnara unaoporomoka. Chombo kinachoelea tu angani hakiihitaji sana, ingawa inasaidia kuficha mtikisiko wa mkono. Maji yaepuke tu, maana matone hayapungui ukubwa hata ukiyarekodi kwa kasi gani.

Gharama ya kasi ni mwanga. Fremu 240 zinataka mwanga mara 10 ya fremu 24. Taa nyingi za umeme wa nyumbani hazifai hapa, kwa sababu kwenye umeme wa hezi 50 zinapigapiga mara 100 kwa sekunde na picha itapepesa. Jua ni bora kuliko zote. Tochi ya betri inafaa pia, ila iwashe mwanga wote, kwani tochi nyingi zikipunguzwa hujiwasha na kujizima kwa kasi. Tumia chanzo kimoja cha mwanga, kitokee ubavuni, upande wa pili uachwe na giza. Kabla ya kurekodi, kwenye simu nyingi unabonyeza kioo kwa muda ili kufunga fokasi na mwanga, la sivyo simu itaanza kuvibadilisha katikati ya tukio.

Halafu shusha lenzi. Mtu anaona kutoka mita 1.6, kwa hiyo kwenye uwanja wa kutua wa 1:25 lenzi ikae sentimita 6.4 kutoka chini. Simu igeuze kichwa chini, lenzi itakaribia sakafu, picha utaigeuza wakati wa kuhariri. Vumbi la kutua natumia magadi soda ya kuokea, nayapuliza kwa mrija kutoka chini ya meza. Unga usiutumie karibu na moto wowote, ukitawanyika hewani unaweza kulipuka.

Chombo kinachoruka nakining'iniza kwa nailoni ya kuvulia iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kuna ujanja wa zamani ninaoupenda kuliko yote: kining'inize miguu juu, kisha geuza picha. Watazamaji wanatafuta uzi juu ya chombo, na wewe uzi wako uko chini.

Ndani ya chombo chumba kimoja kinatosha. Filamu ya Primer ya 2004 iligharimu dola 7,000 hivi, na mashine yake ya kusafiri katika wakati ni sanduku. Uzito wote umebebwa na maongezi. Andika hatari iwe nje ya mlango, uokoe nusu ya bajeti. Kofia ya mwanaanga itobolewe nyuma, kwa ajili ya hewa kwanza, na kwa ajili ya ukungu kwenye kioo pili.

Maongezi hayo usiyarekodi na simu inayopiga picha. Simu ya pili ifiche kifuani mwa mwigizaji, sentimita 20 chini ya kidevu, piga makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni ili sauti na picha ziunganike baadaye. Rekodi pia chumba kikiwa kimya nusu dakika, utaziba nacho mapengo. Muungurumo wa injini ni sauti ya jokofu iliyopunguzwa kasi mara mbili ili iwe nzito.

Mlio wa bunduki ya mwanga ni raha tupu. Mbunifu wa sauti Ben Burtt alipata mlio wa bunduki hizo za Star Wars (1977) kwa kugonga waya unaoshikilia mnara. Wewe chukua springi ndefu ya kuchezea, ile inayoshuka ngazi yenyewe, bandika kikombe cha karatasi upande mmoja, iache ining'inie, gonga kwa penseli. Sauti nyembamba hupita kwenye waya haraka kuliko nzito, kwa hiyo sikio linapata nyembamba kwanza, kisha nzito: piuuu.

Nyota ni kadibodi nyeusi iliyotobolewa kwa sindano na pini, mwanga nyuma. Toboa nyingine kubwa kuliko unavyodhani zinahitajika, kwani video ikibanwa kwa ajili ya intaneti nyota ndogo hupotea na weusi hugawanyika mistari mistari. Chenga kidogo zilizoongezwa wakati wa kuhariri huficha mistari hiyo.