Kamera ya korido ni ya nani?

Niseme mapema kabisa, mimi sipingi kamera. Huku Nyegezi, Mwanza, tuko karibu na stendi, nyumba za kupanga zimejaa, watu wanahamia na kuhama, jirani wa mwezi huu siye wa mwezi ujao, na wizi upo kweli: viatu mlangoni, ndoo, nguo kambani zikiwa bado mbichi (yaani mwizi anaenda kuzianika kwake). Kwenye ghorofa letu ilipoondoka mitungi ya gesi, tena ikiwa na gesi yake, jamaa wa mlango wa mwisho kule juu akasema sasa basi, akaenda mjini akarudi na kamera ya balbu.

Kama hujawahi kuiona, ina umbo la balbu, unaichomeka kwenye holda ya taa ya kawaida, inawaka, inashika Wi-Fi, inazunguka yenyewe kumfuata anayepita, inasikia, na mwenye nayo anaweza kuongea kupitia hiyo hiyo hata akiwa Geita. Inarekodi kwenye kadi ya memori, kadi ikijaa inafuta za zamani inaendelea na mpya. Haihitaji fundi wala kutoboa ukuta, ni kupanda stuli tu, ndo maana siku hizi ziko kila sehemu.

Hakumuuliza mtu. Akatoa balbu ya mama mwenye nyumba akaweka yake, sisi tumekuja kushtuka jioni taa inatugeukia.

Sasa kamera za hivi zina udhaifu mmoja, naona waliozitengeneza hawajawahi kukaa nyumba ya kupanga: ukizima swichi ya taa na kamera nayo imezima. Na taa ya korido kwetu iko kwenye LUKU ya pamoja, tunachanga, halafu kuna mama wa chini akikuta taa inawaka mchana anaona hela yake inaungua mbele ya macho yake. Kwa hiyo asubuhi anazima. Jamaa kazini anaona kamera haipo hewani, anapiga simu, mtoto wa jirani anatumwa akawashe, mama akipita tena anazima. Jamaa akaja akabandika soltepu juu ya swichi. Soltepu ikabanduliwa. Akabandika tena na karatasi USIGUSE TAFADHALI, na karatasi ikaondoka. Umeme wenyewe ukikatika ndo kabisa, giza linaingia na kamera hakuna, na mwizi anayejua kazi yake giza ndo analolisubiri.

Lakini hayo ni ya kuchekesha tu, yangeisha.

Kinachonisumbua ni hao wanaosema korido ni sehemu ya wazi kila mtu anapita sasa unaficha nini. Hao wanaongelea korido za hoteli. Korido ya nyumba ya kupanga Mwanza watu wanaishi humo, jiko liko hapo mtu anakaanga sato, mwingine anasukwa, watoto wanafanyia homweki chini kwa sababu ndani joto, na wale wa vyumba vya single wanaotumia bafu la pamoja wanatoka kuoga na kanga moja wanakimbilia mlangoni kwao. Milango yenyewe muda mwingi iko wazi, pazia tu, upepo wa ziwani ukipuliza pazia linanyanyuka na kitanda kinaonekana. Jirani akipita akaona, ameona ameenda zake, na akikutumbulia macho utamwambia. Kamera ikiona inaweka, na huyo anayeangalia baadaye akiwa kitandani kwake anarudisha nyuma na kusogeza mbele, wewe hujui hata kama anaangalia.

Halafu likaja la dada wa mlango wa katikati. Usiku mmoja jamaa akatupia klipu kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji, dada anaingia na mwanaume kabeba begi, pembeni ya picha imeandikwa 01:06. Chini yake jamaa kaandika "usalama wetu uko wapi wageni wanaingizwa saa saba usiku". Mnajua grupu lilivyo, kabla dada hajaamka kuna watu washamhukumu, kuna mmoja aliandika neno sitalirudia hapa, na mama mwenye nyumba yupo humo humo anasoma.

Aliyeokoa jahazi ni mzee wa chini, yeye kwenye grupu huwa haongei, labda kutuma video za mahubiri. Akaandika swali moja tu: hiyo adhana inayosikika ni ya sala gani? Tukarudi kuisikiliza, na kweli, nyuma ya sauti ya begi linaburuzwa adhana inasikika vizuri tu. Nani anaadhini saa saba usiku? Ilikuwa Isha. Kamera ilitoka boksini ikiwa na saa za China, ambazo ziko mbele yetu masaa matano, na jamaa hakuwahi kuzibadilisha, kwa hiyo 01:06 ya kamera ni saa mbili na dakika sita usiku ya Nyegezi, muda ambao nusu ya ghorofa bado wanakula. Na mwanaume mwenyewe ni kaka yake kashuka basi, kaja kumsalimia.

Jamaa aliomba radhi, sikatai, lakini alimgongea mlango akamwomba chemba wakati klipu aliituma kwa watu wote. Mimi nilimwambia aandike kule kule kwenye grupu, akaona namdhalilisha. Hadi leo hajaandika.

Mama mwenye nyumba akaitisha kikao, Jumapili jioni, uani. Kuna kijana wa chini anasoma sheria chuoni pale Malimbe, akaja na simu imejaa vifungu. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na unyumba wake, hiyo wengi tulikuwa tunaisikia kwa mara ya kwanza. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina na Tume yake kabisa ya kupokea malalamiko, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake, anatakiwa aambiwe inachukuliwa kwa ajili gani. Jamaa akajibu hiyo ni ya makampuni, kijana akamjibu kwa kesi ya Oxford kule Uingereza, mwaka 2021, jirani kamshtaki jirani kwa ajili ya kamera za nyumbani na mahakama ikampa haki aliyelalamika, na kilichoonekana kibaya zaidi kuliko hata picha ni sauti, zile kamera zilikuwa zinasikia mbali kuliko zinavyohitaji. Sheria za kwao si za kwetu, sawa, ila ubishi ulipungua.

Sauti hapo pagumu kidogo, maana bila sauti dada wa watu angebaki na sifa mbaya. Nimelifikiria sana hilo na bado nasema izimwe. Mwizi wa mtungi humkamati kwa sauti yake, unachokusanya hapo ni ugomvi wa watu na wake zao, simu za madeni, na mtoto wa nani kafeli.

Mimi nilichosema kwenye kikao ni hiki, kama unataka kamera ya mlango wako ielekeze mlangoni kwako, kapeti lako, viatu vyako, rekodi mpaka uchoke. Ikishaanza kuona mlango wa mwenzio basi si yako tena hata kama hela ulitoa wewe, ni ya nyumba, na nyumba ndo iamue inaangalia wapi na nani anafungua video. Zamani huku Usukumani kulikuwa na sungusungu, walikuwa na makosa yao makubwa tu, lakini ulikuwa unawajua kwa sura na mnakutana nao kwenye mkutano. Huyu mlinzi wa kwenye balbu yuko kwenye simu ya mtu mmoja.

Na kwenye simu ya mtu mmoja usifikiri ndo salama. Tulimuuliza paswedi ni ipi, kumbe ni ile iliyokuja nayo. Mwaka 2016 kuna kirusi kinaitwa Mirai kiliteka kamera na rekoda malaki duniani, na mbinu yake ilikuwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, zile admin admin. Tukabadilisha pale pale, mtoto wa darasa la sita ndo aliyeifanya.

Tulichokubaliana: kamera imetoka korido ya juu imehamia getini, inaangalia geti na ngazi basi, sauti imezimwa, saa imerekebishwa, na kuna kibao cha kumwambia mgeni kwamba anarekodiwa. Hakuna klipu kwenye grupu, kitu kikiibiwa anaitwa mama mwenye nyumba, wanaangalia pamoja, ikibidi inapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Getini kuna shida mpya, vidudu vya ziwani vinaifuata taa, buibui naye kajenga mbele ya lenzi, simu ya jamaa inapiga kelele za notifikesheni usiku kucha. Simuonei huruma.

La umeme halijaisha. Mama wa chini anasema kama kamera ni ya wote tuchange wote na yeye hazimi tena, kama ni ya mtu mmoja basi alipie. Jamaa anasema hata bei ya kamera hamjanirudishia. Na akaunti imesajiliwa kwa namba yake, sisi wengine tunaalikwa tu na yeye anaweza kututoa muda wowote, na mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Nikamuuliza akihama anatuachia au anaondoka nayo. Kasema anaondoka nayo, hela ni yake. Kwa hiyo tumeanza kuchanga.