Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa ubongo na faili la uprofesa

Saa 12 asubuhi. Sijanawa uso, na simu imeshanipa habari: makala yetu ya kifafa imerejelewa tena. Nafungua haraka, maana nani hapendi kusomwa? Kumbe tumetajwa kwenye sentensi ya kwanza ya utangulizi, ile inayosema kifafa kinasumbua watu wengi duniani, tumebanwa na wenzetu kadhaa ndani ya mabano mamoja. Matokeo yetu hayakuguswa. Lakini mashine haiulizi umetajwa kwa lipi. Hesabu imepanda kwa moja.

Saa 2. Wodini. Mgonjwa wa Parkinson anainuka kitini kwa tabu. Nasimama nyuma yake, namvuta mabega kidogo kuona kama atajishika asianguke, kisha naandika: hatua ya 3. Ngazi hizo za ukali wa ugonjwa, 1 hadi 5, zilitolewa na Hoehn na Yahr mwaka 1967. Madaktari wanaziandika kwenye mafaili ya wagonjwa kila leo, na matumizi hayo ya wodini hayaingii kwenye hifadhidata yoyote ya marejeo.

Saa 4. Sasa faili lenyewe, la kuomba uprofesa. Kamati ya kupandisha vyeo inataka orodha ya makala, jumla ya marejeo na faharisi ya h. Hii ya mwisho aliileta Jorge Hirsch, mwanafizikia, mwaka 2005: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, h yako ni 20. Ukiwa na makala moja iliyorejelewa mara 5,000 na nyingine hazikusomwa na mtu, h yako ni 1. Tena kwa kawaida haishuki. Unaweza kustaafu, hata kufa, nayo ikaendelea kupanda.

Nayo ni h ipi? Kila hifadhidata ina yake. Google Scholar inanipa namba kubwa kwa sababu inahesabu hata tasnifu na miswada isiyohakikiwa. Web of Science inachagua zaidi, kwa hiyo inanipunja. Juu ya hayo, kuna mtafiti wa udongo mwenye jina la ukoo kama langu na herufi za mwanzo zilezile, na kazi zake zimeingia kwangu. Nazitoa moja moja. Namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16, ilianzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya fujo kama hii, ila makala za zamani hazina.

Saa 7 mchana. Chakula, na kijana wa maabara. "Dokta, niandike nini ili nirejelewe sana?" Namwambia: tengeneza rula. Katika fani yetu, mtihani mfupi wa kumbukumbu na akili wa Folstein na wenzake, wa mwaka 1975, umerejelewa maelfu kwa maelfu. Vivyo hivyo vigezo vya McDonald vya mwaka 2001, vya kutambua ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis. Nje ya fani, makala ya Lowry ya mwaka 1951 kuhusu kupima protini imepita marejeo 300,000. Anayegundua husifiwa, anayetoa kipimo ndiye anayerejelewa. Kijana hakufurahi. Alitaka ugunduzi.

Saa 9 alasiri. Kikao cha mpangilio wa majina. Katika tiba, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi, la mwisho ni la msimamizi, na katikati ni msitu. Mtakwimu wetu anaudhika, na ana haki: bila yeye pasingekuwa na matokeo, lakini kamati zikimwona wa nne zinamruka.

Saa 11 jioni. Majibu ya wahakiki wa makala yetu mpya. Mmoja anataka tuongeze makala tano, na zote zina mwandishi mmoja. Sihitaji ramli. Naweka ile moja inayohusika, zilizobaki namwandikia mhariri kwa nini nimeziacha.

Saa 3 usiku. Maelezo binafsi ya faili, ukurasa mmoja. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linataka kipimo cha athari cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja, na sababu iko wazi: ni wastani wa marejeo ya makala za miaka miwili iliyotangulia, na makala chache zenye bahati huuvuta wastani huo juu. Wala marejeo si ushahidi wa ukweli. Makala moja ya Alzheimer iliyotoka katika Nature mwaka 2006 ilirejelewa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kuondolewa mwaka 2024 kwa picha zilizochezewa.

Kwa hiyo nachagua kazi tano na kueleza kila moja ilibadilisha nini. Ya kwanza naweka ile isiyorejelewa sana, iliyoonyesha kuwa kuongeza dozi hakukuwasaidia wagonjwa wetu; wodini kwetu tuliacha kuiongeza. Faharisi ya h nimeipeleka kwenye kiambatisho cha mwisho, pamoja na tarehe niliyoichukua na jina la hifadhidata.