Sumaku ya Friji Iliyonisaidia Kudhibiti Joto la Koili

Ushauri ulioenea kuliko wote miongoni mwetu tunaovuta sigara za kielektroniki, na ambao nauona kuwa mbaya kuliko wote, ni ule usemao kwamba ukionja ladha ya pamba iliyoungua, punguza wati. Pamba hiyo ndiyo inayonyonya kimiminika, nayo hukaa ndani ya koili, yaani waya uliosokotwa ambao hupata joto na kukigeuza kimiminika hicho kuwa mvuke. Nimepewa ushauri huo dukani, nimepewa na wafanyakazi wenzangu hapa Leicester, na nimepewa kwa msisitizo zaidi na rafiki yangu mmoja mwenyeji wa Tanga ambaye hutuliza kila mjadala kwa kusema, "Kaka, waya ni waya." Naandika haya kwa sababu sikubaliani naye hata kidogo, na kwa sababu tangu vepu za kutupa zilipopigwa marufuku Uingereza tarehe 1 Juni 2025, baadhi ya jamaa zangu wamehamia kwenye vifaa ambavyo mtu husuka koili mwenyewe, na wote huniletea swali lile lile: kwa nini pamba yao inaungua?

Udhibiti wa joto uliwafikia wanunuzi wa kawaida mwaka 2014, kampuni ya Evolv ya Marekani ilipotoa DNA 40, bodi ya kielektroniki inayoongoza umeme ndani ya kifaa, iliyotegemea koili za nikeli. Wengi hudhani kuna kipimajoto kilichofichwa mahali fulani ndani ya tangi, chombo kinachobeba koili na kimiminika, lakini hakipo. Kifaa hupima ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme, ungali baridi, kisha huendelea kuupima wakati umeme unapita, na kwa kuwa ukinzani wa baadhi ya metali hupanda kadiri zinavyopata joto, hukadiria joto kutokana na kupanda huko na kuubana umeme kabla pamba haijaungua. Wati huamua koili itapata joto kwa kasi gani, na digrii ndizo zinazoweka dari. Mtu anayepunguza wati ilhali dari haipo anauchelewesha tu moshi.

Hapo ndipo aina ya waya inapokuwa jambo la msingi. Ukinzani wa nikeli safi, inayouzwa kwa jina la Ni200, hupanda kwa takriban asilimia 0.6 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Wa titani hupanda kwa takriban asilimia 0.35, na wa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, ambacho hapa nitakiita stenlesi, hupanda kwa asilimia 0.09 hivi. Kanthal, waya wa chuma, kromiamu na alumini uliomo katika koili nyingi za kawaida, ukinzani wake karibu hautikisiki, na ndiyo sababu hauwezi kabisa kutumika kwa kazi hii. Koili ya nikeli ikiwekwa kwenye kifaa kilichoambiwa kwamba ni stenlesi na kupangiwa digrii 200, kifaa kitakata umeme koili ikiwa bado haijafika hata digrii 50, na mvutaji atabaki akinyonya hewa. Ukigeuza, yaani ukaweka stenlesi ukakiambia kifaa kuwa ni nikeli, utajua mwenyewe kwa koo lako.

Nilianza na nikeli kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikisifiwa, na sikukaa nayo. Ni laini mno, kiasi kwamba ukipitisha pamba kwa haraka koili inapinda yote, na mizunguko kumi ya waya wa milimita 0.32 juu ya kipenyo cha milimita 3 hutoa ukinzani wa ohmu 0.13 tu, kiwango ambacho kifaa cha bei nafuu hupata taabu kukipima kwa uhakika. Mizunguko yake isigusane, maana ikigusana njia ya umeme hufupika na vipimo huanza kurukaruka. Wenye mzio wa nikeli waiache kabisa. Titani niliipenda zaidi kwa sababu ni ngumu kiasi, inashika umbo na inasomeka vizuri, lakini ina sharti lake: haiwashwi kavu mpaka iwe nyekundu, kwa kuwa hapo huanza kutengeneza oksidi ambayo hakuna mwenye akili angependa kuivuta. Mimi ni mtu wa kuchoma koili kila wiki ili kuondoa masizi, kwa hiyo stenlesi, ambayo huvumilia kuwashwa kidogo kidogo kwa muda mfupi, ndiyo ilinifaa.

Sasa nifike kwenye mkasa wenyewe. Niliponunua stenlesi yangu ya kwanza, kwa bei ya pauni tano au sita hivi, ilikuja katika kifuko cha plastiki chenye kibandiko kilichoandikwa 316L kwa mkono. Nikasuka mizunguko saba ya waya wa milimita 0.4 juu ya kipenyo cha milimita 3, nikajaza pamba, nikaweka mpangilio wa stenlesi na digrii 210, nikavuta. Mvuke wa mwanzo ulikuwa mzuri. Wa tatu ulikuwa moto kupita kiasi, na uliofuata ulikuwa moshi halisi wa pamba, ule unaokaa nyuma ya ulimi mpaka kesho yake asubuhi. Nikashusha hadi digrii 180, ikaungua. Nikashusha hadi 150, joto ambalo kwalo mvuke wenyewe ulipaswa kuwa hafifu mno, na bado ikaungua kwa utulivu ule ule, kana kwamba sikugusa kitu. Muuzaji nilipomrudia aliniambia, bila shaka, nipunguze wati. Alipoona sijaridhika aliongeza kwamba huenda pamba yangu ni mbovu, akaniuzia nyingine.

Kilichonipa mwanga ni namba moja iliyokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Koili ya vipimo vile, ikiwa ni stenlesi kweli, inapaswa kusoma takriban nusu ohmu, na kifaa changu kilikuwa kinasoma karibu ohmu 1 kamili. Waya wenye ukinzani unaokaribia mara mbili ya stenlesi, na ambao haubadiliki hata ukiuchoma, una jina, na jina hilo halikuwa kwenye kibandiko. Nilitaka ushahidi ambao muuzaji asingeweza kuupinga, nikaenda jikoni kuchukua sumaku ya friji yenye picha ya Fort Jesus ambayo dada yangu aliniletea kutoka Mombasa. Nikakata kipande cha waya ule, nikakifunga kwa uzi wa kushonea, nikakining'iniza na kukisogezea sumaku. Kilirukia ngome kama askari wa Kireno aliyechelewa lango. Stenlesi ya 316L karibu haivutwi na sumaku hata kidogo. Kanthal huvutwa waziwazi. Nilirudi dukani na uzi wangu, waya wangu na Fort Jesus yangu, nikafanya onyesho lile mbele ya wateja wawili waliokuwa wakichagua ladha, na nikarudishiwa fedha zangu pamoja na za pamba.

Tangu siku ile kila waya unaoingia nyumbani kwangu hupita mbele ya sumaku kwanza. Nakiri kwamba kipimo hiki hakimalizi kila kitu, kwa kuwa nikeli nayo huvutwa, na ipo stenlesi ya daraja la 430 ambayo huvutwa vilevile ingawa inafaa kwa udhibiti wa joto. Nikeli hujitambulisha kwa ulaini wake na kwa ukinzani wake mdogo. Hiyo 430 utaitambua ukiiwasha kwa wati chache na kuona ohmu zikipanda kwenye kioo, jambo ambalo Kanthal haifanyi.

Kipimo cha pili ninachokiamini zaidi kuliko maandishi yoyote ya kiwandani ni cha pamba kavu. Ninapitisha kipande cha pamba isiyo na kimiminika ndani ya koili mpya, naweka wati chache na digrii 200, nabonyeza kwa sekunde kadhaa, kisha nachomoa na kutazama. Inatakiwa ibaki nyeupe. Napandisha digrii tano tano, nikibadilisha pamba kila mara, mpaka nione rangi ya kahawia, ambayo kwa pamba huanza kujitokeza kati ya 215 na 230 hivi. Ikiwa imebadilika rangi mapema, basi namba ya waya iliyowekwa kwenye kifaa, ile inayokiambia ukinzani hupanda kwa sehemu gani kwa kila digrii, ni kubwa mno na naipunguza. Ikiwa imekataa kubadilika hata kwenye 250, naiongeza. Kwa 316L mimi huanzia 0.00092. Rafiki yangu wa Tanga anasema huu ni uchawi wa maabara, lakini koili zake hunikabidhi mimi nizisuke.

Kuna jambo jingine dogo linalowatesa watu wa stenlesi kuliko wa nikeli au titani. Koili ya nusu ohmu ikipandishwa digrii 200 huongezeka ukinzani kwa chini ya ohmu 0.1, kwa hiyo skrubu iliyolegea ikichangia ohmu 0.02 tu pale joto linapopanda, kifaa kitadhani koili imepita joto lake halisi kwa zaidi ya digrii 40 na kukata umeme mapema. Dalili yake ni mvuke unaokatikakatika huku koili ikiwa nzima. Kaza skrubu kwa bisibisi inayolingana nayo, futa kwa spiriti sehemu ambayo tangi hukazwa kwenye kifaa, na uache kulaumu pamba.

Ukinzani wa mwanzo nao usipimwe koili ikiwa ya moto. Ukifungua tangi ulilotoka kulivuta sasa hivi na kulirudisha mara moja, kifaa huchukua ukinzani wa koili yenye joto kama ndio wa baridi, na dari yote inapanda bila wewe kujua. Mimi huliacha lipoe kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha nakiamuru kifaa kishikilie kipimo hicho kuwa ndicho cha baridi.

Hivi sasa navuta stenlesi ya mizunguko saba, wati 30 na digrii 205, na sijaonja pamba iliyoungua tangu nilipoachana na waya wa vifukoni. Namba hizo ni za Leicester. Desemba nilipokwenda Mombasa, koili iliyosukwa na kupimwa barazani katika joto la digrii 32 ilinichoma kidogo, kwa sababu kifaa changu huchukulia kwamba kipimo cha baridi kimefanyika kwenye digrii 20, hivyo digrii 12 zote zilijumlishwa juu ya zile nilizopanga. Nilishusha hadi 195 na ladha ikarudi ilivyokuwa.