Kuku Si Ndege, Baba Si Mtu

Februari 1987, Voronezh, mji wa Urusi, nikiwa mwaka wa maandalizi wa lugha ya Kirusi, mwalimu wetu aliandika ubaoni methali: Kuritsa ne ptitsa, baba ne chelovek. Kuku nilimjua, ndege na mtu pia, na hilo neno moja nilizaliwa nalo. Nikatafsiri kichwani: kuku si ndege, baba si mtu. Nikaangua kicheko, darasa zima kimya.

Mwalimu akaeleza taratibu. "Baba" kwao ni mwanamke wa shamba, mke wa mkulima, na mjini ukimwita mtu hivyo umemtukana. Lahaula! Mama mzima anyimwe utu, tena kwa jina la mzee wangu.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kukariri beti za Nekrasov, mshairi wa Kirusi, kutoka utenzi uliochapishwa 1864, miaka mitatu baada ya wakulima waliomilikiwa na mabwana kuachiwa huru. Ni zile beti ambazo kila Mrusi anazo mdomoni: vijijini kuna wanawake wenye mwendo na macho ya malkia, farasi aliye mbioni watamsimamisha, nyumba inayowaka moto wataingia. Nilizipenda. Nilimwona humo bibi yangu akishuka mlimani na mzigo wa kuni, shingo imenyooka.

Jioni nikakaa ngazini bwenini, penye joto la mabomba, nikawa naghani kwa sauti. Mlangoni alikaa mama mmoja mzee mtunza funguo, tuliyemwita tyotya, yaani shangazi, akifuma soksi. Nilipofika kwa farasi akasimamisha sindano.

"Farasi gani?"

Kijijini kwao, mkoa wa Tambov, farasi walikwenda vitani na wanaume. Masika ya 1942 wanawake walijifunga kamba wenyewe wakavuta plau, mama yake katikati, yeye ana miaka kumi na mitano ameshika mpini nyuma. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya viazi. Kisha akaniuliza kama najua Darya aliishia wapi.

Darya yupi? Kitabu chetu kilikuwa na zile beti tu. Kumbe huyo malkia ana jina, na utenzi wenyewe ni wa msiba. Mumewe Prokl amekufa, amemzika, na nyumbani hakuna kuni. Anaacha watoto, anakwenda msituni na shoka. Anapasua, analia, anapakia, halafu anasimama chini ya msonobari na Baridi yenyewe inamjia kama bwana mkubwa. Anaganda pale pale, akiota jua la mavuno. Sehemu hiyo, alisema shangazi, watu hawaisomi kwenye sherehe za Machi nane, siku ya wanawake.

Akaendelea bila kitabu, kwa sauti ya darasani ya zamani: majaliwa yalimwekea mwanamke mafungu matatu mazito, la kwanza kuolewa na mtumwa, la pili kuwa mama wa mwana wa mtumwa, la tatu kumtii mtumwa mpaka kaburini. Nilimwomba arudie mara tatu nikiandika.

Nilipomweleza kwa nini nilicheka darasani, naye akacheka mpaka akavua miwani. "Baba yangu hakurudi kutoka vitani," akasema. "Basi mama alikuwa baba kwenu na baba kwetu." Akarudi kwenye soksi yake, akanikumbusha kuwa saa tano anafunga mlango.

Siku ya kughani niliacha farasi na moto, nikasoma mafungu matatu. Mwalimu alinyamaza kidogo, akanipa nne kati ya tano. Mkazo, alisema: sisi wa Kiswahili tunauvuta nyuma kwa mazoea, na neno "sudba", majaliwa, nililiharibu kabisa. "Baba" tu ndilo nililolitamka sawasawa tangu siku ya kwanza.