Viazi lishe Newala: kuvusha mbegu kiangazi

Nalima viazi lishe, yaani viazi vitamu, aina ya Kabode, iliyozalishwa Uganda, yenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni beta-karotini, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Huku uwanda wa juu wa Makonde tunashibia ugali wa muhogo, na muhogo mweupe karibu hauna vitamini hiyo kabisa. Gramu 125 tu za viazi hivi vilivyochemshwa zinamtosha mtoto wa chini ya miaka mitano kwa siku. Ndiyo maana nimevishikilia.

Shida ni mbegu. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikishakata, marando, yaani mashina yanayotambaa ambayo ndiyo mbegu, yanakauka, na maji hapa ni ya kununua. Wenzetu wa bonde la Lukuledi wanatunza marando kwenye bustani za kumwagilia. Mimi natunza viazi vyenyewe.

Juni
Nimechagua vya wastani, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Hapo sioni huruma, maana kimoja chenye fukusi kinaharibu vyote. Nimevipanga kwenye karai: mchanga mkavu uliopoa, viazi visigusane, mchanga tena juu. Karai liko chumbani, panya hawafiki.

Agosti
Nimefukua kukagua. Vilivyooza nimeviondoa, vingine ni vigumu na vinachipua.

Oktoba
Vimehamia kitaluni nyuma ya jiko, nimezungushia makuti kwa ajili ya kuku. Maji ya kuoshea mboga yote yanaishia pale. Kwa hesabu ya watafiti wa njia hii ya mchanga, viazi 40 vinaweza kutoa vipande 1,500 vya marando ndani ya wiki sita hadi nane. Kitalu changu ni kidogo, lakini marando yanatambaa vizuri mno.

Mama jirani kauliza kama vitaanikwa kama makopa ya muhogo. Vinaanikika, ila kivulini. Jua kali linaharibu karotini. Bora zaidi avipike kwa tui la nazi, kwani mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini. Matembele nayo ni mboga, asiyatupe.

Desemba
Mvua imeshika. Nimekata marando ya sentimita 30 na kuyapanda kwenye matuta, na mama jirani kachukua fungu lake. Nimeahidiwa mbegu ya Kiegea, aina nyingine ya viazi lishe. Ikifika naipanda tuta la pembeni, tulinganishe mavuno.