Nilivyowaunganisha wapelelezi wangu wawili

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilikuwa na kurasa 340 na hadithi mbili zisizosalimiana. Katika moja, Sudi na Haruni, wapelelezi waliopangiwa kazi pamoja, wanamsaka muuaji. Katika nyingine, wanapendana. Nilizipa zamu: sura ya kesi, sura ya mapenzi, kisha kesi tena. Rafiki niliyempa mswada aliurudisha akaniambia kwamba kila alipofika kwenye mapenzi aliona upelelezi umesimama, na kesi iliporudi aliwasahau wapendanao. Niliumia, maana nilikuwa nimeishi na wanaume hao kichwani miaka miwili. Lakini alisema kweli.

Kilichonifungulia njia ni nyuzi za sufu.

Nilikuwa nikisoma habari za Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910. Kanuni inayohusishwa na jina lake ni kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake chembe fulani. Nikaendelea kusoma nikakuta mambo mawili zaidi. Kwanza, nyuzi za nguo huweza kuhama mara mbili: kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa pili, na kutoka kwa huyo wa pili hadi kwenye kitu ambacho wa kwanza hajakigusa kamwe. Pili, nyuzi hizo hazikai. Mtu akiendelea kuvaa nguo na kutembea, nyingi hudondoka ndani ya saa chache. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini nikaanza kuandika papo hapo.

Katika rasimu mpya, Sudi anaitwa alfajiri kwenye tukio. Yuko peke yake. Anachukua koti la marehemu, analiweka kwenye mfuko, analitia lakiri, anasaini. Haruni hakanyagi pale, na hata kwenye orodha ya waliolishika koti hilo jina lake halimo. Miezi baadaye maabara inakuta juu ya koti nyuzi za buluu zilizotoka kwenye skafu ya Haruni. Wakili wa utetezi anazing'ang'ania: kama Haruni hakufika, nyuzi zake zilifikaje? Je, si yeye aliyekuwapo kabla ya polisi kuitwa? Mtu mmoja tu ndiye anayejua kwamba nyuzi zile zilibebwa na Sudi mwenyewe, na kwa kuwa hazikai mwilini kwa muda mrefu, anajua zilihamia kwake usiku uleule. Ili amwokoe Haruni, Sudi lazima aseme chini ya kiapo Haruni alilala wapi.

Kuanzia hapo sikuhitaji tena sura za zamu. Upelelezi wote ulikuwa unatembea kuelekea swali moja, na jibu la swali hilo lilikuwa mapenzi yao.

Ilinibidi nifumue mengi. Mwanzoni Haruni alikuwa mkuu wa Sudi. Nililifuta hilo, kwa sababu mtu anayekupangia zamu na kukuandikia ripoti ya utendaji akikwambia anakupenda, msomaji ana haki ya kuuliza kama ulikuwa na nafasi ya kukataa. Nikawafanya wote masajini. Nilipunguza pia mbio na risasi, nikaongeza kuvizia: saa sita ndani ya gari lililozimwa taa, wawili wanaangalia mlango mmoja usiofunguliwa. Hapo ndipo mtu anapojua mwenzake anapumua vipi akichoka. Kama unaandika mapenzi ya wapelelezi, usiogope saa ambazo hakuna kinachotokea.

Lugha nayo ilinipa kazi. "Alimtazama, akamwekea mkono begani." Nani alimtazama nani? Kiswahili hakijali kama ni mwanamume au mwanamke, na sentensi kama hiyo humsumbua mwandishi yeyote mwenye watu wawili chumbani. Niliyajaza majina mpaka ukurasa ukasomeka kama maelezo ya shahidi. Nikajaribu "huyu" na "yule", nikachoka. Mwishowe nikampa Sudi asimulie mwenyewe: "Alinitazama. Nikamwekea mkono begani." Utata ukaisha, na nikapata zawadi ambayo sikuitarajia. Ndani ya kitenzi kimoja, "nilimngoja", mimi nipo na yeye yupo, tumekaa bega kwa bega bila neno kati yetu. Sikuhitaji kupamba.

Baadaye nikagundua kwamba kazi yao ilikuwa imeshanipa msamiati. Wapelelezi wawili hulindana, hungojana, huaminiana. Sikulazimika kutafuta maneno mapya walipoanza kupendana. Nilirudia yaleyale na maana yake ikawa imekua. Kwenye "kuoa" na "kuolewa" nilikwama kidogo, maana vitenzi hivyo humgawia kila mtu upande wake. "Kuoana" hakumgawii yeyote.

Kuitana kwao nilikulinda sana. Kituoni ni "afande" mbele ya watu, garini ni "bwana wee" na "kaka". Haruni anamwita Sudi kwa jina lake tupu mara ya kwanza katika sura ya tisa, usiku, akimwomba asishuke garini peke yake. Niliiandika sura hiyo mara kumi na moja.

Rasimu ya kwanza ilimwua Haruni. Niliona kifo kitaipa hadithi uzito. Lakini wasomaji wa hadithi za wanaume wawili wanaopendana wamemzika mmoja wao mara nyingi mno, na msomaji wa mahaba anapofungua kitabu ana ahadi mkononi kwamba mapenzi haya yatasimama. Kuivunja ahadi hiyo ili nionekane mzito ni kumdhulumu.

Kwa hiyo Sudi anapanda kizimbani. Wakili anamwuliza usiku ule Sajini Haruni alikuwa wapi. Nilikuwa nimemwandalia hotuba ya kurasa mbili, nikaikata yote yakabaki maneno mawili: "Alikuwa kwangu."

Baada ya hapo hawapangiwi tena kazi pamoja. Kila mmoja anapewa mwenzi mwingine, gari lingine. Katika ukurasa wa mwisho Haruni anarudi kutoka zamu ya usiku, anakuta Sudi amelala kwenye kiti, taa ya barazani inawaka.